Jumapili umeme ulipokatika Shangani

Ilikuwa Jumapili usiku, mwaka 2018, Shangani, Mtwara. Mashindano ya poka, mchezo wa karata, ya mtandaoni yalianza na watu 180, kila mmoja katoa dola 11: 10 za zawadi, 1 ya waendeshaji. Hulipwa 27 wanaobaki mwishoni. Tulibaki 36, nami nina chipu, vidonge vya kuwekea dau, 24,000. Umeme ukakatika, modemu ikazima.

Watu hudhani ukipotea hewani mchezo unakungoja. Haukungoji. Programu inazitupa karata zako na dau la lazima inakata kama kawaida. Meza yetu ilikuwa ya watu 9: kila mtu kwa zamu yake hutoa dau dogo 1,000 na dau kubwa 2,000, na 200 kwa kila mtu kila karata zinapogawiwa. Mzunguko mmoja, yaani migao 9, unakula 4,800, na huisha kwa dakika 8 hivi. Nilihangaika dakika 16 kuunganisha intaneti ya simu. Niliporudi nina 14,400, na dau kubwa limepanda hadi 2,400. Zimebaki dau kubwa 6 tu. Hapo hakuna tena kuweka kidogo ili uone karata zijazo: unaweka zote au unatupa. Nikapata ree na saba, nikaweka zote. Aliyekubali dau langu ana jozi ya tisa, nafasi yangu kama mara 3 katika 10. Nikatoka wa 29.

Kilichoniuma ni mjomba. Alikuwa kanunua nusu ya viingilio vyangu vya mwezi ule, ili tugawane zawadi. Wengi wa kazi hii huishi hivyo, maana hata hodari hutoka mikono mitupu mara nyingi kuliko anavyolipwa. Mashindano 20 mfululizo bila senti ni jambo la kawaida kabisa. Asubuhi nikampelekea daftari ufukweni, penye boti yake ya dagaa.

"Shikamoo mjomba. Jana tumekosa."

"Marahaba. Mafuta yameungua, samaki hakuna." Akasoma hesabu yote, mstari kwa mstari. Mgawo wa tajiri na mabaharia aliujua kabla sijazaliwa. Wetu sikuwahi kumfafanulia. "Hiyo mitambo yako inakula wati ngapi?"

"Kompyuta 60, modemu 10."

"Wiki hii mwezi mpevu, dagaa hatuendi. Beba betri ya taa."

Ilikuwa ya volti 12, ampea-saa 70. Ukiitumia nusu tu ili usiiue, na inveta ikila chake, unapata saa 5. Nikaibeba begani hadi nyumbani.