Krismasi imefika Kisumu kabla ya Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20
Leo ni Oktoba 14, jua la Kisumu linachoma hadi kisogo, nami naingia supamaketi moja mjini kununua sukari tu. Mlangoni nalakiwa na mti wa plastiki uliobandikwa pamba, eti theluji. Theluji, hapa kando ya ziwa!

Nikamuuliza dada wa kaunta, mbona mapema hivi? Akacheka. "Mzigo ulishatoka Mombasa, mama. Ukilala stoo ni hasara. Na nyinyi Desemba pesa yote ni nauli ya ushago."

Nikanyamaza. Kweli, Desemba matatu hupandisha nauli, Januari karo inangoja. Anayeitaka shilingi yangu lazima aiwahi sasa.

Sukari nilinunua. Na taa za rangi pia, msiniulize.