RAM hufanya nini na umeme wake?

Jioni moja nilikuwa nikijaza alama za wanafunzi kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukakatika, na kazi ya saa mbili ambayo sikuwa nimeihifadhi ikapotea yote, ilhali picha zilizokuwa kwenye flashi iliyochomekwa pembeni zilibaki salama. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliniuliza: "Mwalimu, kwani zote mbili si kumbukumbu?" Nilimjibu kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, huhitaji umeme, lakini jibu hilo halikuniridhisha, kwa sababu halielezi umeme huo hufanya kazi gani.

Ndani ya RAM, kila biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, hukaa katika seli yenye vitu viwili tu: kapasita ndogo mno inayobeba chaji, na transista moja, swichi ndogo ya umeme iliyo mlango wake. Muundo huo ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968. Kapasita yenye chaji husomeka kuwa 1 na iliyo tupu husomeka kuwa 0, ila chaji hiyo huvuja, mithili ya maji katika mtungi wenye ufa.

Linalonistaajabisha zaidi ni namna biti inavyosomwa. Transista ikifunguka, chaji humwagika kwenye waya mrefu uliokwisha kuwekewa volteji ya katikati, na volteji hiyo hupanda au hushuka kwa kiasi kidogo sana. Amplifaya iliyounganishwa na waya huo huitambua tofauti hiyo, huikuza hadi iwe 1 au 0 kamili, kisha huirudisha ndani ya kapasita ileile. Kwa hiyo RAM haiwezi kusoma biti bila kuifuta, na kila inachokisoma hulazimika kukiandika upya papo hapo. Hata safu za seli ambazo hakuna programu inayozihitaji husomwa na kuandikwa upya kwa zamu, na katika RAM nyingi zilizotumika kwa miaka mingi kila safu hufikiwa angalau mara moja katika milisekunde 64. Hiyo ndiyo kazi iliyosimama jioni ile. Chaji zenyewe hazikutoweka mara moja, kwani mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba data hubaki kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kuzimwa, na kwa dakika kadhaa chipu ikipozwa sana.

Kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa, haina uvujaji huo, kwa kuwa biti yake kwa kawaida hushikiliwa na transista sita zinazoegemeana, lakini nayo husahau umeme ukiondoka, na ukubwa wa seli zake huifanya iwe ndogo na ghali.

Flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, hutumia volteji kubwa kusukuma elektroni zipenye kihami, yaani tabaka lisilopitisha umeme kwa kawaida, na kunaswa mahali pasipo na waya wa kuzitoa. Kuisoma seli ni kupima tu kama transista yake inapitisha umeme kwa volteji fulani, na elektroni hubaki zilipo. Ugumu uko kwenye kufuta, maana seli hufutwa kwa bloku nzima, na kila ufutaji hukichakaza kihami kidogo.

Nilipomweleza kijana yule haya yote, aliuliza kama elektroni hizo zitakaa humo milele. Hazikai. Huvuja polepole mno, kwa miaka, na huvuja upesi zaidi penye joto au kihami kilichochakaa, na kwa sababu hiyo mitihani ya miaka iliyopita nimeinakili pia kwenye diski, badala ya kuiacha katika flashi moja iliyofungiwa kabatini.