Nilivyojifunza kuzitambua Tiger Moth na Stampe

Rangi ndiyo ya kwanza niliyoacha kuitazama. Wenye ndege hizi za zamani za mafunzo, zenye bawa moja juu ya jingine, huku Uingereza huzipaka wapendavyo, na Stampe ya Kibelgiji ikishavishwa njano ya jeshi la anga, watu pembeni mwa uwanja wataapa kuwa ni Tiger Moth. Injini nayo si ya kutegemea. Stampe nyingi zilizoundwa Ufaransa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitoka na Renault, lakini zipo zilizofungwa Gipsy Major, ileile ya Tiger Moth, silinda nne zikiwa kichwa chini.

Kilichonifaa ni ukingo wa nyuma wa bawa la juu. Kwenye Tiger Moth ni mzima kutoka ncha hadi ncha, hauna kipande kinachocheza. Vibawa vya kuilaza ndege ubavu viko kwenye mabawa ya chini tu. Stampe ina vinne, viwili juu na viwili chini, na kila cha juu kimeunganishwa na cha chini yake kwa fito nyembamba iliyosimama. Ndege ikiwa imeegeshwa, naitafuta fito hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa angani, nasubiri ijiviringishe: Stampe inageuka kwa wepesi, Tiger Moth inajikongoja. Marubani wanaopenda sarakasi huichagua Stampe, na mimi siwalaumu.

Gipsy Moth, dada mkubwa wa Tiger Moth, haikunipa taabu. Hiyo ndiyo aina ambayo Wilson Airways, kampuni ya usafiri wa ndege ya Nairobi, ilianza nayo mwaka 1929. Mabawa yake yamenyooka, na bawa la juu limekaa juu ya kiti cha mbele. Jeshi halikulitaka hilo, kwa sababu mwalimu aliyeketi mbele na parachuti mgongoni angepata shida kuchomoka. De Havilland, kampuni iliyoziunda, wakalisogeza bawa mbele, kisha wakayarudisha mabawa nyuma kidogo kwa mshazari ili uzito usawazike. Ndiyo Tiger Moth iliyoruka mwaka 1931.

Mshazari huo, hata hivyo, usikudanganye: Stampe, iliyoruka miaka miwili baadaye, nayo inao. Na picha zilizopigwa kutoka mbele kabisa siku hizi sihangaiki nazo, maana fito haionekani vizuri. Naomba ya ubavuni.