Nilivyopata TV ya inchi 75 kwa chumba kilichokuwa stoo ya viazi

Januari 21, 2024, Taifa Stars wakicheza na Zambia kwenye Afcon kule Kodivaa, tulibanana watu kumi na wawili sebuleni kwangu hapa Uyole, Mbeya, mbele ya TV ya inchi 32. Msuva alipofunga dakika ya 11, majirani wa nyumba ya tatu walitusikia. Baadaye Zambia wakabaki kumi uwanjani, tukaanza kuhesabu dakika. Baba mkwe wangu, ambaye macho yamepungua nguvu, kila baada ya muda mfupi alikuwa anauliza: "Mwanangu, zimebaki ngapi?" Patson Daka aliposawazisha dakika ya 88, mzee alijua kwa kuwa sote tulinyamaza. Usiku ule nikaapa kwamba ile stoo ya viazi itakuwa chumba cha kuangalizia, na TV itakayofungwa humo mzee ataisoma saa mwenyewe.

Kutoa viazi, kukausha ukuta na kupaka rangi sitaeleza, kila mtu anajua. Niseme tu kwamba niliutia ule ukuta wa TV kijivu kilichokolea na dirisha la magharibi nikalivika pazia zito, kwa sababu jua la saa kumi la Uyole likigonga kioo huoni mpira, unajiona mwenyewe.

Sasa ushauri niliopewa! Dukani mjini kijana akaniambia, "Dada, angalia inchi tu, mengine ni mbwembwe. Hii hapa inchi 55, 4K, bei ya kutupa." Boksi lilikuwa na 4K ya dhahabu kubwa kama kiganja. Nikatoa laki saba na ushei, nikarudi nyumbani nina furaha.

Nyasi za uwanja zilikuwa uji wa kijani. Namba za migongoni hazisomeki. Nikalaumu king'amuzi, nikabadilisha waya. Bado. Nikamwita fundi apandishe dishi, akapanda juu ya bati na mvua inanyesha, nikamlipa, bado. Zaidi ya miezi miwili nahangaika hivyo, hadi mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi simu Mwanjelwa, alipokuja akaigeuza TV, akanakili namba ya modeli mgongoni na kuitafuta mtandaoni. "Mama mdogo, hii inapokea 4K, haionyeshi 4K." Kioo chake kilikuwa na nukta, vile vitone vya mwanga vinavyounda picha, 1366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Kioo cha 4K cha kweli kina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Inapokea picha nzuri halafu inaikamua iingie kwenye kioo kidogo cha nukta. Niliirudisha, mwenye duka akasema mzigo ukishatoka haurudi. Iliniuma sana, ile ilikuwa hela ya msimu mzima wa viazi.

Safari ya pili sikwenda dukani kwanza. Nilianzia ukutani. Inchi za TV hupimwa kona hadi kona, na kila inchi ni sentimita 2.54, lakini namba hiyo haikuonyeshi ukubwa wenyewe. Kwa hiyo nikaunganisha magazeti ya zamani kwa gundi, nikakata vipande vitatu: cha inchi 65, sentimita 144 kwa 81; cha 75, sentimita 166 kwa 93; na cha 85, sentimita 188 kwa 106. Kila jioni nabandika kimoja, tunakaa sote kwenye viti mita tatu kutoka ukutani, tunakula hapohapo. Watoto walitaka cha 85, lakini baada ya nusu saa tukajikuta tunazungusha shingo kutoka pembe hadi pembe. Cha 65 mzee alisema ni kama dirisha la jirani. Cha 75 hakuna aliyelalamika. Baadaye nikajifunza hesabu inayotumika: umbali wako gawa kwa 1.6. Mita tatu zinakuja karibu sentimita 188 kona hadi kona, yaani inchi 74. Magazeti yalikuwa yameshaniambia. Hayohayo yakanionyesha kimo: ukikaa, macho yaangukie karibu na katikati ya kioo, si juu kule wanakofunga kwenye baa.

Dukani nikaenda na flashi. Mtoto wa dada alikuwa ametengeneza video ya mistari myeusi na myeupe, kila mstari upana wa nukta moja tu, ukubwa wa 4K kamili. Alikataa kuweka picha ya kawaida, maana TV nyingine huipunguza picha hata kama kioo ni cha kweli, ungeikataa bure. Nikachomeka, nikasogea hadi pua karibu iguse kioo. TV mbili za kwanza zikatoa rangi ya majivu yenye mawimbi. Ya tatu, mistari ikasimama mmoja mmoja kama meno ya kitana. Nilipiga kigelegele palepale.

Halafu nikaomba waitoe kwenye mwanga wa maonyesho, ule wa dukani unaowaka kupita kiasi, waiweke kama ya nyumbani. Nikazunguka nikasimama pembeni kabisa, kwa sababu kwangu wageni hukaa hadi mlangoni, na kuna vioo ambavyo ukiviangalia kwa upande rangi zinapauka. Hii ilipauka kidogo, nikaikubali. Milioni mbili na kitu ilinitoka, pamoja na TV gadi, ambayo kwa umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo ni lazima. Nililisimamia boksi njia nzima lisilazwe. Kioo kikubwa kikilazwa kwenye gari, shimo moja tu la barabarani linatosha kukipasua.

Mechi ya Simba na Yanga iliyofuata, mzee alikaa nyuma, shuka mabegani kwa baridi. Watoto wakaanza kupiga kelele kwamba imeisha. Akawanyooshea fimbo: "Tulieni. Dakika ya themanini na sita hiyo."