Upepo wa Tairi katika Njia za Msitu wa Rubya

Kwa miaka sita nimeendesha baiskeli karibu kila Jumamosi kwenye barabara za udongo zinazotoka Mwanza kuelekea Kisesa, Bujora na vijiji vya Magu, na katika muda wote huo sikuwahi kupima upepo wa matairi yangu. Nilikuwa nikijaza mpaka kidole gumba kishindwe kubonyeza, kama nilivyowaona mafundi wa Igoma wakifanya chini ya miti yao, nikiamini kwamba tairi gumu ndilo tairi jepesi. Mwezi Julai nilivuka ziwa kwenda Ukerewe, nikaingia katika msitu wa Rubya, nikaanguka kwenye mteremko ambao mtoto wa shule angeushuka bila wasiwasi, na siku mbili zilizofuata zilinibadilishia kabisa namna ninavyoiandaa baiskeli kabla ya safari.

Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu hivi. Baiskeli hufungwa kwenye ukingo wa sitaha pamoja na magodoro na kreti za soda, na hakuna anayeishangaa, kwa sababu Ukerewe ni kisiwa cha baiskeli. Kina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 530, kimelimwa karibu kila pembe, na mihogo, machungwa na mananasi mengi hutoka mashambani yakiwa yamefungwa kwenye keria. Mjomba wangu, aliyehamia Nansio kabla sijazaliwa, amekuwa akisafirisha mihogo kwa Phoenix ileile tangu nikiwa darasa la tatu. Amebadilisha spoku, hab, mnyororo na kila kitu kinachoweza kubadilishwa, lakini fremu ni ileile.

Baiskeli yangu ni ya aina inayoitwa ya changarawe. Niliinunua ya mtumba baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Usukani wake umepinda kuelekea chini kama wa baiskeli za mashindano, breki zake ni za diski, lakini fremu imeachwa wazi vya kutosha kupokea tairi nene, na langu lina upana wa milimita 42. Kitu ninachokipenda zaidi ni gia yake ya mwisho: mbele meno 40, nyuma meno 42, maana yake pedeli ikizunguka mara moja gurudumu halijamaliza hata mzunguko mmoja. Kwa gia hiyo mtu hupanda kilima cha mchanga akiwa ameketi, akipumua kwa utaratibu, mahali ambapo angelazimika kushuka na kusukuma.

Rubya ni shamba la miti la Serikali lililo kando ya ziwa, na sehemu kubwa ya miti yake ni misindano, ambayo wengi wetu tunaiita paina. Anayetaka kupita ndani na baiskeli aanzie ofisi ya shamba na kuomba ruhusa, kwa kuwa kuna siku za kukata miti ambapo njia fulani hufungwa na malori hupita kwa kasi. Nilipokewa vizuri, nikaoneshwa njia zilizofyekwa ili moto usivuke kutoka kitalu kimoja kwenda kingine, nikaambiwa nizifuate hizo. Mita mia mbili baada ya kuingia, sauti zote za kisiwa zilikatika. Majani ya misindano yameanguka mwaka baada ya mwaka yakafunika ardhi kama zulia la kahawia, gurudumu likipita juu yake halitoi sauti, na harufu ya utomvu inakufuata kila unapopita mahali palipokatwa mti karibuni. Katikati ya mashina unaliona ziwa, dogo na jeupe, halafu linapotea, halafu linarudi upande mwingine ambao hukuutegemea. Katika saa mbili za kwanza nilikutana na akina mama wanne tu, wakiwa na mizigo ya kuni kichwani. Tulisalimiana, wakanipisha nami nikashuka kuwapisha, tukacheka kwa kuwa njia ilibaki tupu katikati yetu.

Nilianguka muda mfupi baadaye. Njia ilishuka kwa upole, mizizi ikiwa imeivuka kama ngazi, na juu ya mizizi kulikuwa na majani makavu. Gurudumu la mbele lilianza kurukaruka. Nilibana breki, na gurudumu likateleza pembeni kana kwamba nilikuwa kwenye ziwa la mafuta. Nilichubuka kiwiko na goti, si zaidi ya hapo, lakini mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi tangu asubuhi, na nilijua kwamba kuna jambo sijalielewa.

Jioni mjomba aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta, akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma.

"Mjomba, huu ni upepo wa kubeba magunia," aliniambia. "Wewe ulikuwa umebeba nini?"

Nilimjibu kwamba nilibeba chupa mbili za maji na koti la mvua. Akanieleza kwamba yeye akiwa na magunia mawili ya mihogo nyuma hujaza mpaka tairi lilie kama ngoma likigongwa, maana bila hivyo rimu itaipasua tyubu kwenye jiwe la kwanza. Lakini akirudi mtupu hufungua vali na kupunguza, kwa sababu tairi la mzigo likiwa halina mzigo "linamkataa mtu". Nimelitafakari sana neno hilo. Mafundi wa Igoma hawakunikosea hata kidogo. Wanajaza kama wanavyojaza kwa sababu wateja wao wengi wanabeba mkaa, maziwa, samaki au abiria, na mimi niliichukua desturi ya mzigo nikaiweka kwenye safari isiyo na mzigo.

Asubuhi nilipima kwa pampu yenye geji, nikakuta pauni 60 kwa inchi ya mraba. Nikarudi msituni na kutafuta mteremko mfupi ulionyooka, wenye changarawe na mizizi michache, unaoishia kwenye tambarare. Niliiachia baiskeli kutoka juu bila kupiga pedeli, nikiweka kijiti mahali iliposimama. Nilirudia mara tatu kwa pauni 60, mara tatu kwa 35, na mara tatu kwa 22, nikiketi namna ileile kila mara. Kwa 60 nilisimama karibu na kisiki kimoja kilichooza. Kwa 35 nilikipita kisiki hicho kwa hatua kumi na mbili, tena bila kutikisika. Kwa 22 sikukifikia, usukani ulilegea kwenye kona, na mara moja nilisikia rimu ikigonga mzizi, sauti ambayo hakuna mwendesha baiskeli anayependa kuisikia.

Sababu yake si ngumu kuiona ukishaipata mwilini. Tairi lililojaa kupita kiasi haliwezi kulimeza jiwe dogo, hivyo hulipanda, na kila linapopanda, mimi na baiskeli, karibu kilo 80 kwa pamoja, tunanyanyuliwa kidogo kwa nguvu iliyotoka miguuni mwangu. Tukishuka upande wa pili nguvu ile hairudi kwenye mwendo. Inaishia kwenye mtikisiko wa mikono, mgongo na misuli ya mapaja. Isitoshe, gurudumu linaloruka halishiki ardhi, na breki haiwezi kuzuia kitu kisichogusa ardhi. Tairi laini kiasi hubonyea kulizunguka jiwe, mtu akabaki amesawazika. Kwenye lami laini mambo ni tofauti, na mzigo mzito nao hubadilisha kila kitu. Ukizidisha kupunguza, rimu huibana tyubu dhidi ya jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba, na hapo utahitaji viraka, solusheni na subira. Kwa uzito wangu nimetulia kwenye 36 nyuma na 32 mbele, kwa kuwa tairi la nyuma hubeba sehemu kubwa zaidi ya mwili. Mtu mwenye kilo 90 asiige namba hizi.

Udongo nao una sauti yake katika jambo hili, na hapa namkumbuka bibi yangu wa Magu, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli lakini alijua majina yote. Sisi Wasukuma huuita udongo kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko. Juu, chini ya miamba ya matale, kuna isanga, mchanga mnene uliotokana na mwamba uliomomonyoka. Chini yake luseni, mchanga mwembamba zaidi. Kisha itogolo, ardhi ngumu inayokataa jembe wakati wa kiangazi. Na bondeni kabisa mbuga, udongo mweusi unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani huko Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hadi leo. Bibi alikuwa na mnyororo huo mdomoni bila Kilatini. Kwa mwendesha baiskeli, isanga inataka tairi laini na gia nyepesi, itogolo inakwenda vizuri kama lami, na mbuga baada ya mvua haina dawa: udongo unajaza nafasi kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mwezi Novemba, vuli ikiwa imekolea, siendi bondeni kamwe. Lakini mvua mbili tatu za mwanzo huushindilia mchanga wa juu, na hiyo ndiyo wiki bora kuliko zote katika mwaka.

Nyongeza moja kuhusu ziwa. Kutoka msituni mwili umetoka jasho na maji yako mita chache mbele, na tamaa ya kuoga ni kubwa mno. Sehemu za kina kifupi zenye majani ndizo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Mimi huoga kwa ndoo nikifika nyumbani.

Baiskeli za changarawe zimekuwa mchezo mkubwa mahali pengine. Huko Emporia, Kansas, watu wamekuwa wakishindana kwenye barabara za mawe tangu 2006, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Italia mwaka 2022. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Suleiman Kangangi wa Kenya, mmoja wa waendeshaji walioheshimika sana Afrika Mashariki, alianguka na kufariki akiwa kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Ninapoufikia mteremko wenye mawe yaliyolegea huwa namkumbuka, na hubana breki mapema, kabla ya kona.

Siku ya kuondoka niliamka kabla ya jua, upepo ukivuma bado kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mjomba alikuwa ameshafunga magunia mawili kwenye keria, akayabonyeza matairi yake na kutikisa kichwa. Akaniomba pampu yangu. Nikampigia tairi la nyuma, kisha la mbele, geji ikapita 40, ikapita 50, akaligonga kwa kucha na kuinamisha sikio, akaniambia niongeze kidogo, kisha akaniambia basi.