Zile barua alizofungua

Shemeji kaondoka Jumapili ila maneno yake bado yako hapa sebuleni. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, bosi kahamishwa na dada hatimaye kapata ile kazi mliyomwombea wote, lakini mimi kichwani nina sentensi moja tu, aliyoitoa shem akiwa kajinyoosha kwenye kochi: "Aah, mjanja wa kweli hawezi kushikwa kwa barua."

Tulikuwa tunaangalia Columbo, ile tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi wa polisi, sehemu ya 1971 aliyoiongoza Steven Spielberg kabla hajawa Spielberg huyu tunayemjua. Mnajua mimi na Columbo. Muuaji unamwona tangu mwanzo, hakuna kubahatisha, raha yote ni kungoja ujue ameteleza wapi. Humo kuna waandishi wawili wa hadithi za upelelezi, Jim anaandika, Ken anauza sura tu kwenye mahojiano, sasa Jim anataka waachane na Ken anamuua. Na anamuua kwa akili jamani. Anampeleka kwenye nyumba yake ya mapumziko upande wa San Diego, anamshawishi ampigie mkewe simu ajifanye yuko ofisini Los Angeles, halafu mke akiwa bado kwenye laini mlio wa risasi unasikika. Polisi wote macho ofisini, Ken yuko mbali kabisa.

Baadaye anailaza maiti kwenye majani mbele ya nyumba yake mwenyewe, anajifanya kaikuta, anapiga simu polisi. Columbo anapoingia ndani anakuta barua zimefunguliwa. Bili. Yaani mtu kamkuta mwenzie amekufa hapo nje, akaingia akafungua bili zake.

Hapo ndipo shem akacheka. Nikamwambia, lakini shem, rafiki yako yuko pale chini amekufa, utafungua bili? Akasema mtu akichanganyikiwa anafanya lolote, hao walioiandika tamthilia walikuwa wanatafuta tu pa kumwangushia muuaji. Nikasema hapana, sikiliza, simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, aliporudi akaulizia matokeo ya mpira. Basi. Sasa jibu langu limenikaa kooni, niko jikoni namjibu, niko kwenye daladala namjibu, usiku namjibu.

Imeniuma kwa sababu ya baba. Mliokuwepo wakati ule mnakumbuka. Siku tulipopigiwa simu kuwa amefariki, meseji zilikaa kwenye simu yangu hazijaguswa, za kazini, za benki, sikujua hata kama zipo. Kuchanganyikiwa kupo, shem kasema kweli, watu hucheka msibani, watu huosha vyombo vilivyo safi. Lakini kukaa uchane bahasha moja moja uangalie unadaiwa kiasi gani? Ken alijiandaa kwa kila kitu, simu, risasi, saa, umbali, na hakujiandaa kuwa mtu aliyefiwa kwa sababu hakufiwa. Hata alipopata habari akiwa kule San Diego, Ken alirudi kwa gari wakati ndege zipo, na Columbo akaliona hilo pia. Hakuwa na haraka ya mtu mwenye hofu, na maiti ilikuwa kwenye buti.

Sasa jana asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti namfunga mdogo kamba za viatu vya shule tukiwa tumechelewa, nikakumbuka ile nyingine ya 1974, ya mwenye majumba ya mazoezi anayemvalisha marehemu nguo za mazoezi ionekane kafa akinyanyua vyuma. Kamba za viatu ndizo zinamfichua, zinaonyesha zilifungwa na mtu mwingine. Nikaangalia kiatu: nilichofunga mimi nikiwa nimemkabili, kitanzi kimelalia upande huu, nikamwambia funga kile kingine mwenyewe, akafunga polepole na ulimi nje, kikalalia upande wa pili. Nikapiga kelele! Mtoto akashtuka akadhani amekosea, nikamkumbatia pale pale mlangoni. Yule muuaji alifikiria chuma, alifikiria nguo, alirekodi hadi sauti ya marehemu, ila mkono wake ulifunga kamba kama ulivyozoea, nani anafikiria kamba? Shem, hiyo sio waandishi kumwangusha mtu, nenda kamfunge mwanao viatu uone.

Nikapiga picha ya viatu vyote viwili nikamtumia shem. Kajibu "haha sawa", na mimi nimefurahi siku nzima, hata foleni ya jioni sikuisikia.

Mama wamembadilishia dawa ya presha na tangu juzi anasema miguu inavimba, kandambili zinambana. Anasema ni joto. Kesho nitaomba ruhusa nimrudishe kwa daktari, kama atakubali, maana mnamjua.