Merlin: mwisho wake umo sehemu ya 8

Tahadhari, nafichua mwisho.

Mnaoanza sasa kuitazama Merlin, tamthilia ya BBC kuhusu mchawi kijana anayemtumikia Arthur (2008–2012, misimu 5, sehemu 13 kila msimu), tabiri zenu zinaanguka kwa sababu mnaishika ngano ya Mfalme Arthur kama ratiba. Waandishi wameichanganya kama karata. Nimueh, mchawi ambaye katika ngano ndiye humfungia Merlin, hapa anauawa na Merlin mwenyewe msimu wa 1 ukiisha. Waliosubiri mapenzi ya shujaa Lancelot na Gwen, mke wa Arthur katika ngano, yaivunje Camelot, ufalme wa Arthur, nao waliula wa chuya: msimu wa 4 unaanza tu, Lancelot kajitoa mhanga. (Anayerudi baadaye ni kivuli kilichoitwa na Morgana, mchawi adui wa Arthur, msimhesabu.)

Visivyobadilika ni viwili, Mordred, muuaji wa Arthur, na upanga. Rudini msimu wa 1, sehemu ya 8: Mordred bado mtoto, ana jeraha, kafichwa chumbani kwa Morgana, na joka linamwonya Merlin asimsaidie. Merlin anasitasita, halafu anaenda. Basi, Arthur keshakufa hapo. Sehemu ya 9 inawapa silaha: upanga uliopikwa kwa pumzi ya joka. Kwa hiyo mkimwona Morgana na joka wake mweupe, msiulize jeraha la Arthur litatoka wapi.

Lawama ya mashabiki ninayoiunga mkono ni moja: Arthur kuujua uchawi wa Merlin dakika za majeruhi, Desemba 24, 2012. Siri ya misimu 5! Na lile lori linalompita Merlin mzee kando ya ziwa si dokezo la msimu wa 6. Bado anamsubiri Arthur arudi.